Nafanya ufundi wa gari nyumbani usiku: je, glavu na miwani vinatosha?

"Habari za kazi, fundi. Nina gari dogo la saluni, la petroli, otomatiki, linalovutwa na magurudumu ya mbele. Nimejifunza kulitengeneza mwenyewe na huwa nafanya kazi gerejini kwangu usiku, watoto wakishalala, mara nyingi peke yangu. Gereji imeshikana na nyumba na ina mlango wa kuingilia ndani. Kuinua natumia jeki iliyokuja na gari, halafu nasogeza matofali mawili ya zege chini yake. Nikihitaji kuwasha injini nafungua mlango mkubwa nusu tu ili kelele isisumbue majirani. Siku za karibuni kichwa kinaniuma nikimaliza kazi, nadhani ni harufu ya petroli. Sasa nataka kubadilisha pedi za breki, filta ya petroli na shokomzoba za mbele. Mke wangu anataka niache kabisa. Nimenunua glavu, miwani na mtungi wa kuzimia moto. Je, vinatosha?"

Ndugu yangu, asante kwa kueleza bila kuficha. Wengi huniuliza wajilinde vipi lakini hawaniambii gari limekaa juu ya nini. Wewe umesema, na ndiyo maana naweza kukujibu sawasawa: hapana, havitoshi. Lakini si lazima uache kabisa. Glavu zinaokoa ngozi, miwani inaokoa macho, na uvivae vyote viwili. Ila vinavyoua watu kwenye gereji za nyumbani ni uzito wa gari, moshi wa injini na mvuke wa petroli, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachozuiwa na glavu.

Karakana kubwa ina mambo yanayomlinda fundi bila yeye kuyafikiria: lifti yenye kufuli za chuma, bomba lenye feni la kufyonza moshi, milango mipana, na mwenzako hatua chache kutoka ulipo. Wewe nyumbani huna kimojawapo. Kwa hiyo kabla hujaingiza mkono, kichwa au mwili mahali popote, jiulize maswali mawili: ni nini kinachoshikilia hiki kitu, na hicho kikiachia, kinabaki nini? Nitayapitia mambo yako nikitumia maswali hayo.

Naanza na kichwa chako, kwa sababu hicho hakisubiri. Ni kweli mvuke wa petroli unaweza kuumiza kichwa. Lakini maumivu yanayokuja baada ya kuwasha injini ndani ya chumba kilichofunguliwa nusu yana mshukiwa wa kwanza, naye ni gesi ya kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho wala koo. Ile harufu ya moshi unayoijua inatokana na vitu vingine vinavyotoka pamoja nayo, kwa hiyo pua yako si kipimo. Ukiivuta, inashika himoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Ndiyo maana kiasi kidogo hewani kinatosha, mradi ukae ndani yake muda wa kutosha. Kichwa kinauma, unapata kizunguzungu, kichefuchefu, mwili unalegea, kisha mawazo yanavurugika. Mtu aliyefika hapo kwenye kuvurugika mawazo hatambui tena kwamba anatakiwa kutoka.

Kufungua mlango nusu hakukusaidii kama unavyodhani, na hata kuufungua wote hakutoshi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa State cha Marekani waliwahi kupima gereji ambamo gari lilipashwa moto kwa dakika 2 tu, mlango mkubwa ukiwa wazi. Gesi ilifika sehemu 500 kwa kila milioni ya hewa, na saa 10 baada ya gari kuondolewa bado ilikuwa inapimika. NIOSH, taasisi ya Marekani ya utafiti wa usalama kazini, inataka kiwango hicho kisipite 200 hata kwa muda mfupi. Hewa haitoki kwa sababu pana uwazi. Inatoka pale ambapo kuna kitu cha kuisukuma, ama upepo ama tofauti ya joto. Usiku uliotulia, moshi unabaki ulipo.

Tena wewe unawasha injini ikiwa baridi, unasikiliza kidogo, unazima. Huo ndio wakati inapotoa gesi hii kwa wingi kuliko wakati wowote. Injini baridi hupewa petroli nyingi kuliko kawaida ili iweze kuwaka, na petroli isiyopata oksijeni ya kutosha ndiyo inayozaa kaboni monoksidi. Katalisti, ile sehemu ya ekzosi inayosafisha moshi, haianzi kazi mpaka ifikie joto la nyuzi mia kadhaa. Wale wanaosema gari la kisasa lina moshi safi wanasahau dakika hizo za mwanzo.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni ule mlango wa kuingilia ndani, na watoto waliolala. Hewa yenye joto ndani ya nyumba hupanda na kutokea juu, na nyumba inavuta hewa nyingine chini kupitia kila upenyo, pamoja na ule ulio chini ya mlango wa gereji. Kaboni monoksidi ina uzito unaokaribiana na wa hewa, kwa hiyo haitulii sakafuni ikakusubiri ufagie. Inakwenda hewa inakokwenda. Wewe unaweza kumaliza kazi na kutoka kuota upepo nje, huku wao wakiendelea kuivuta vyumbani.

Basi kuanzia leo injini iwake nje, gari likiwa limetolewa lote, na ekzosi isielekee mlangoni wala dirishani. Kama kelele inasumbua majirani, kazi hiyo ni ya mchana. Usinitajie bomba la mpira la kuchomeka kwenye ekzosi na kulipitisha chini ya mlango. Yale ya karakana yana feni inayofyonza, lakini la kuchomeka tu linavuja kwenye maungio. Nunua pia kengele ya kaboni monoksidi iliyopimwa kwa kiwango cha EN 50291 (cha Ulaya) au UL 2034 (cha Marekani), uifunge ndani ya nyumba karibu na vyumba vya kulala, na uangalie tarehe yake ya mwisho kwa sababu kihisi chake huchakaa. Hata hivyo kengele haikupi ruhusa ya kuwasha injini ndani.

Kichwa kikikuuma tena kwa namna hiyo, zima injini, toka nje, toa na familia, kisha nenda hospitali wakati bado unajisikia vibaya. Usingoje kesho. Ukipumua hewa ya kawaida, nusu ya gesi iliyo kwenye damu huondoka kwa saa 4 hadi 5 hivi, kwa hiyo ukichelewa kipimo kinaweza kuonyesha damu safi na ukaambiwa ni uchovu. Mwambie daktari wazi kwamba ulikuwa karibu na injini inayowaka mahali palipofungwa, ili apime kaboni monoksidi kwenye damu yenyewe. Kile kifaa cha kubana kidoleni hakitoshi: hakitofautishi himoglobini iliyobeba oksijeni na iliyoshikwa na gesi hii, na kinaweza kuonyesha namba nzuri kwa mtu aliye hatarini. Kama mwingine yeyote nyumbani ana dalili kama zako, hasa mtoto au mama mjamzito, nendeni wote.

Sasa uzito. Saluni dogo lina kilo 1,000 hadi 1,300 hivi. Jeki iliyokuja nalo imetengenezwa kwa kazi moja tu, kubadilisha tairi barabarani huku mwili wako wote ukiwa nje. Kitako chake ni chembamba, mzigo wote unaning'inia kwenye skrubu moja, na gari likisogea kidogo tu upande, jeki inapinduka. Ukinunua jeki kubwa ya haidroli ya magurudumu utakuwa umepata chombo bora cha kuinulia, lakini nacho si cha kulalia chini yake. Kinachoshikilia gari pale ni mafuta yaliyobanwa, na kinachoshikilia mafuta ni sili ya mpira na valvu ndogo. Uchafu kidogo ukikaa kwenye valvu, au sili ikichakaa, gari linashuka. Linaweza kushuka kwa nusu saa bila wewe kuona, au kwa nusu sekunde.

Matofali ndiyo mabaya kuliko vyote ulivyonitajia. Najua hoja yake: tofali linabeba nyumba, litashindwaje na gari? Ukutani mzigo umesambaa juu ya uso wote wa tofali, umetulia, na tofali limeshikwa pande zote na saruji. Chini ya gari mzigo unakaa kwenye ukingo mwembamba wa chuma, unatikisika kila unapovuta spana, na zege ambayo ni hodari kwa kubanwa ni dhaifu sana kwa kukunjwa. Lenye matundu, likilazwa ubavu, linabebwa na kuta nyembamba tu. Na halitoi onyo. Chuma hupinda kwanza, mbao hulia kwanza, lakini zege hupasuka mara moja. Yatoe gerejini kabisa ili siku ya haraka usishawishike.

Unachohitaji ni stendi za gari, vile vyuma vyenye miguu mipana vinavyopangwa urefu na kubeba gari baada ya jeki kuliinua. Soma lebo kwa makini, maana mara nyingi uzito ulioandikwa ni wa stendi mbili kwa pamoja, si wa kila moja. Kuna za meno, zinazofungwa kwa kishikio, na kuna za pini inayopita katikati ya tundu. Mimi napenda za pini. Mwaka 2020 huko Marekani stendi nyingi sana za meno ziliitwa zirudishwe dukani kwa sababu meno yaliweza kuachia zikiwa na mzigo. Haimaanishi kila stendi ya meno ni mbovu, lakini pini nene unaiona kwa macho kwamba imepita upande wa pili.

Ziweke kwenye sehemu zilizoonyeshwa na kitabu cha gari, kamwe si chini ya karta, ile sufuria ya mafuta iliyo chini ya injini, wala bati la sakafu. Sakafu iwe ngumu na sawa. Stendi juu ya kokoto au lami iliyopata jua huzama mguu mmoja, gari likaegemea. Ukishalishusha juu ya stendi, simama pembeni ulisukume kwa nguvu zako zote, mbele, nyuma na ubavuni. Kama litaanguka, lianguke wewe ukiwa umesimama. Kisha rudisha jeki iguse chini ya gari bila kubeba, na yale magurudumu uliyoyafungua yalaze chini ya ubavu. Hapo swali la pili limepata jibu: stendi ikiachia, jeki ipo, jeki ikiachia, gurudumu lipo, na kifua chako kina nafasi. Ni kazi ya dakika moja. Watu hawaifanyi kwa sababu stendi haijawahi kuwaangusha.

Lipo na hili la gari kubingirika, ambalo hata mafundi wa siku nyingi hulikosea. Umeniambia gari lako ni otomatiki la kuvutwa mbele. Ukiweka gia kwenye P, ile ya kuegesha, unafunga magurudumu ya mbele peke yake, kupitia giaboksi. Hendibreki kwa magari mengi hufunga ya nyuma. Ukiinua mbele yote, ile P haishiki tena chochote kilicho chini, na gari zima linashikwa na hendibreki tu. Ukiinua nyuma, hendibreki ndiyo inayobaki hewani. Na ukiinua gurudumu moja tu la mbele, bado P haikusaidii: difu, ile gia inayogawa mzunguko kwa magurudumu mawili, inaruhusu lililo hewani kuzunguka kinyume huku lililo chini likibingirika, wakati giaboksi imefungwa kabisa. Kwa hiyo weka kabari nzito, mbele na nyuma ya kila gurudumu linalobaki chini, kabla hujagusa jeki. Nati za magurudumu zilegeze gari likiwa bado chini, na ukimaliza zikaze kabisa likiwa limeshuka, kwa spana ya kupimia nguvu na kwa kipimo cha kitabu chako. Kuvuta spana ndefu juu ya gari lililoinuliwa ni kulisukuma lidondoke.

Petroli. Kinachowaka ni mvuke, wala si majimaji yenyewe, na petroli hutoa mvuke wa kutosha kushika moto hata kwenye baridi ya karibu nyuzi 40 chini ya sifuri. Hakuna hali ya hewa utakayofanyia kazi ambamo iko salama. Ukifika sehemu 1.4 hivi kwa mia ya hewa, cheche inatosha. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne, basi hutambaa sakafuni kama maji yanavyotafuta bonde, unaingia kwenye shimo la kukagulia gari, unapita chini ya mlango na kukuta jiko la gesi, friji inayojiwasha au hita ya maji. Umwagikaji uko hapa, moto unaanzia kule, kisha unarudi ulipo. Balbu ya zamani nayo isikudanganye: taa ya kuning'iniza, ile ya balbu ya waya, ikidondoka na kupasuka juu ya petroli inawasha moto papo hapo. Tumia taa ya LED yenye betri.

Kwa hiyo filta ya petroli usiibadilishe gerejini wala usiku. Kwanza hakikisha iko wapi, kwa sababu magari mengi ya sasa yameiweka ndani ya tangi pamoja na pampu. Kama ni hivyo, hiyo ni kazi ya karakana, tena usiione aibu. Kama iko kwenye bomba chini ya gari, fanya nje, mchana, injini ikiwa imepoa kabisa, huku moto wowote ukiwa mbali. Mfumo wa sindano za petroli hubaki na presha ya bar 3 hadi 4 kwenye mabomba hata injini ikiwa imezimwa. Toa fyuzi ya pampu, washa injini ukiwa hapo hapo nje mpaka ife yenyewe kwa kukosa petroli, jaribu kuiwasha mara moja tena, ndipo uzime na kutoa waya wa hasi wa betri. Hata baada ya hapo funika kiungo kwa kitambaa unapokilegeza, miwani ikiwa usoni, na uwe na chombo kinachofaa kupokelea. Chupa ya soda si chombo cha petroli. Ukimaliza, rudisha fyuzi na waya, fungua swichi mara mbili tatu bila kuwasha ili pampu ijaze bomba, kisha kagua viungo kwa macho na kwa kidole kikavu. Ukiona unyevu, usiwashe.

Kama gari lako lina mfumo wa kunyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, usiguse bomba la upande wa presha kubwa. Hapo ni bar mia na zaidi, na kwa dizeli za kisasa zinaweza kuzidi 2,000. Mchirizi mwembamba usioonekana unapenya glavu na ngozi. Tundu lake ni dogo mno, halitoi damu, na mtu anaendelea na kazi huku mkono ukioza kwa ndani. Yakimpata mtu, ni upasuaji siku hiyo hiyo.

Na tafadhali usinawe mikono wala kuosha vyuma kwa petroli. Nguo ikilowa, ivue kabla ya jambo jingine lolote.

Kuhusu mtungi wa kuzimia moto: uwe wa poda, unaofaa kwa moto wa mafuta na wa umeme, na mshale wake uwe kwenye kijani. Umeuweka wapi? Wengi huuweka karibu na benchi, yaani mahali ambapo moto utakuwa. Uweke kwenye mlango utakaotokea, ili kuufuata kukupeleke kwenye njia ya kutoka. Ni wa moto unaoanza tu. Moto ukishafika kwenye tangi au ukizidi kimo chako, toka, funga mlango, ita zima moto. Maji usimwagie petroli inayowaka, yataieneza.

Betri nitaipitia haraka. Vua pete, saa na mkufu, kwa sababu spana ikiunganisha chanya na bodi, umeme wa mamia ya ampia unapita na pete inageuka chuma cha moto kidoleni. Ndiyo sababu waya wa hasi hutolewa kwanza na kurudishwa mwisho: ukishatoka, spana ikigusa bodi haikamilishi mzunguko wowote. Betri inapochajiwa hutoa hidrojeni, inayolipuka kuanzia sehemu 4 kwa mia ya hewa, kwa hiyo zima chaja kabla ya kutoa klipu zake. Maji ya betri yakiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20 huku mtu akiandaa safari ya hospitali.

Rejeta yenye moto usiifungue. Mfuniko wake huongeza presha ili maji yasichemke hata yakipita nyuzi 100, na ukiufungua yanachemka yote kwa wakati mmoja na kukurukia usoni. Feni ya umeme nayo inaweza kujiwasha wakati injini imezimwa. Kimiminika cha kupozea injini kina utamu kinywani na ni sumu kali, basi kilichomwagika kifute mara moja na kilichobaki kifungiwe mbali na watoto.

Pedi za breki unaweza kuzibadilisha mwenyewe, na ni kazi nzuri ya kujifunzia. Vumbi lililo pale usilipulize, si kwa kompresa si kwa mdomo. Asbesto imepigwa marufuku katika nchi nyingi lakini si zote, na kwa kuangalia tu huwezi kujua pedi kuukuu ina nini. Lowesha, futa kwa kitambaa, tupa kitambaa kikiwa kwenye mfuko uliofungwa. Dawa ya kusafishia breki soma kopo lake: zile zenye klorini, zikikutana na moto wa kuchomelea au chuma kilichoiva, hutoa gesi ya fosjini, ambayo ilitumika kama silaha katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Nunua isiyo na klorini, nayo uiweke mbali na moto kwa sababu inawaka. Kalipa, ile sehemu inayobana pedi kwenye diski, ifunge kwa waya, isining'inie kwenye bomba lake la mpira. Fanya upande mmoja umalize ndipo uhamie mwingine, ili upande mzima uwe kielelezo chako. Na kabla gari halijasogea hata hatua moja, kanyaga pedali mpaka iwe ngumu. Ulipozirudisha ndani pistoni za kalipa, zile zinazosukuma pedi, uliacha nafasi, na mguso wa kwanza wa pedali hauna breki kabisa. Mara yako ya kwanza, mlete fundi unayemwamini asimame pembeni aangalie, kisha ajaribu gari kabla familia haijapanda.

Shokomzoba za mbele ndizo zinazonifanya niseme ngoja. Kwenye saluni nyingi za kuvutwa mbele, shokomzoba iko ndani ya springi, na springi hiyo imebanwa kwa nguvu ya mamia ya kilo hata gari likiwa hewani. Kinachoizuia isifumuke ni nati moja ya katikati kule juu. Mtu akiilegeza akidhani ni sawa na zile nyingine tatu zinazoizunguka, springi inaruka na kile kilicho juu yake. Vibanio vya springi vya bei rahisi huteleza au kuvunjika uzi, na anayekaza huwa ameinama juu yake. Ushauri wangu: lifungue gunzi lote zima, yaani shokomzoba pamoja na springi yake, kwa nati za pembeni, ile ya katikati usiiguse, ulipeleke karakana yenye mashine ya kubania springi wakubadilishie. Au nunua gunzi lililokamilika na springi yake. Sehemu kubwa ya kazi utakuwa umeifanya mwenyewe.

Kama siku moja utabadilisha gari ukapata la mseto au la umeme, nyaya za rangi ya machungwa usiziguse kabisa bila mafunzo. Kutoa betri ndogo peke yake hakumalizi hatari ya umeme ule mkubwa.

Limebaki suala la kuwa peke yako. Mkeo ana haki ya kuogopa, kwa sababu ukibanwa chini ya gari usiku wa manane hakuna atakayejua mpaka asubuhi, na ukizimia kwa gesi hutapiga kelele. Mpangie hivi: hulali chini ya gari mtu mwingine asipokuwa macho nyumbani, simu inakuwa mfukoni na si benchini, ufunguo wa gari nao uko mfukoni ili mtoto asiwashe, na unamwambia saa ya kumaliza ambayo ikipita atakuja kuita akiwa mlangoni. Afundishwe pia kwamba akikukuta umelala na injini inawaka, asikukimbilie ndani. Afungue mlango mkubwa, aite msaada. Akikukuta umebanwa, ajue jeki iko wapi na inawekwa wapi. Na ukiwa umechoka, lala. Usingizi ndio unaokufanya useme tofali litafaa kwa mara hii tu.

Kwa mpangilio, anza na stendi, kabari na kengele, kisha pedi, kisha filta mchana mmoja usio na haraka. Magunzi ya mbele yawe ya mwisho, na ukishayafunga peleka gari likapimwe mwelekeo wa magurudumu, kwa kuwa kufungua nati zile kunaubadilisha, na tairi mpya zinaweza kuliwa upande mmoja kabla hujajua kwa nini.